Inchi Thelathini za Bi. Wanda

Mheshimiwa Meya, ambaye leo amewahi kufika na tunamshukuru. Baba Paroko wetu. Ndugu Meneja wa redio, Bwana Curtis Hale, ambaye ameniomba nisimtaje sana. Ndugu wageni waalikwa. Wazima moto wenzangu mliosimama nyuma kwa kukosa viti. Na ninyi mlioketi karibu na jikoni, ambao nia yenu inafahamika: nawasalimu wote.

Kwa asiyenijua, na sidhani kama yupo, mimi ni Lionel Gaudette, mkuu wa kikosi cha zimamoto hapa Ashby Mills. Nimepewa heshima ya kumuaga Bi. Wanda Pietrowski, ambaye tangu wengi wenu mkiwa hamjazaliwa amekuwa akitueleza redioni, kila siku, hali ya hewa itakuwaje. Kamati iliniambia niseme kwa kifupi, niseme mazuri matupu, na nisiguse kabisa habari za ile dhoruba. Niliwasikiliza kwa makini sana. Sasa nitazungumzia ile dhoruba.

Je, yuko aliyeisahau? Ilikuwa Alhamisi jioni. Bi. Wanda, ambaye hajawahi kupandisha sauti hata siku paa la kituo cha redio lilipoezuliwa akiwa hewani, alisema hivi: "Jamani, hii si ya kuchezea. Inchi thelathini, na upepo juu yake. Nunueni mahitaji yenu, mkae ndani." Inchi thelathini ndugu zangu ni theluji ya kumfika Baba Paroko kiunoni. Mheshimiwa Meya angeonekana kuanzia kifuani.

Nasi tulifanya nini? Tulifanya kama wazazi wetu walivyotufundisha: tulikimbilia mkate, maziwa na mayai. Sijui kwa nini ni vitu hivyo vitatu, na hakuna aliyewahi kunieleza, lakini kwa manunuzi ya jioni ile mji mzima ulikuwa umejipanga kula mkate wa mayai asubuhi, mchana na jioni mpaka masika. Watoto walilala wamegeuza nguo za kulalia ndani nje, maana kwetu wanaamini kwamba hilo huleta theluji na kufunga shule. Shule ilikuwa imeshafungwa, lakini mtoto wa hapa haachi mambo hivi hivi. Baba Paroko aliahirisha ibada ya Ijumaa. Halafu tukatoa viti.

Hapa ni lazima niseme wazi, maana wageni wetu kutoka mjini wanatazamana. Kwetu, anayefukua theluji mbele ya nyumba yake kwa koleo na jasho lake huweka kiti pale alipofukua, na mpaka theluji iyeyuke nafasi ile ni ya gari lake peke yake. Hakuna sheria iliyoandikwa. Taa za barabarani tunazivuka tukijisikia, lakini kiti hakiguswi. Hata wezi wetu, ambao nawajua kwa majina na wawili wamo humu, hawagusi kiti.

Sasa, Alhamisi ile, sijui ni woga au ni tamaa, watu walitoa viti kabla hata chembe moja ya theluji haijaanguka. Lami kavu, viti mstari mzima! Mtaa wa Mfereji ulikuwa na viti vya jikoni, viti vya ufukweni, kiti kirefu cha kulishia mtoto, na mbele ya nyumba ya ndugu yetu Dom Ferrante, fundi bomba, palikuwa na choo cha kukalia, kipya, bado kimo kwenye nailoni. Nilimuuliza kama ana hakika. Akasema, "Lionel, nani atathubutu kukigusa?"

Tukalala. Asubuhi tukafungua mapazia.

Jua lilikuwa linawaka. Chini palikuwa na theluji kama sukari ya unga juu ya andazi. Ile dhoruba, kama Bi. Wanda alivyokuja kueleza, ilipinda usiku, ikaelekea baharini, ikawamwagia samaki inchi zote thelathini.

Mtu angedhani kwamba watu walioambiwa kuwa balaa limewapita wangefurahi. Huyo angekuwa hajatujua sisi. Asubuhi ile duka la vyakula lilijaa watu ambao hawakuwa na haja ya kununua chochote, kwa kuwa kila kitu walikuwa nacho. Walikuja kugomba tu.

"Inchi thelathini!" alisema Dom. "Paka wangu katoka, karudi, hajalowa hata ukucha!"

"Mimi naishi peke yangu," alisema Bi. Agnes Doyle, "na nina mikate minne."

"Huyu mama anatia chumvi," alidakia mwingine. "Anakula njama na wenye maduka, nawaambieni."

"Mimi nimekosa kazi siku nzima! Nani atanilipa, upepo?"

Mwenye duka alisimama palepale akiyasikia yote, na alinieleza baadaye kwamba angekuwa amekula njama angeagiza mayai zaidi.

Viti navyo vikagoma kuondoka. Hebu fikirini: ukikiondoa chako wa kwanza, umekubali kwamba umechezewa; ukikiacha, nafasi bado ni yako. Basi nani aondoe? Ijumaa ikapita, Jumamosi ikapita, jua linachoma, lami inang'aa, na mtaa mzima hauna mahali pa kuegesha gari kwa sababu umejaa viti. Tuliegesha kule kiwandani, tukarudi nyumbani kwa miguu tukipita katikati ya viti vyetu wenyewe. Watu walinipigia simu kituoni: "Mkuu, kiti kina haki bila theluji?" Niliwajibu kwamba mimi nazima moto.

"Toa choo chako, Dom!" jirani alipiga kelele dirishani.

"Theluji itakuja!"

"Lini?"

"Muulize Wanda!"

Bi. Wanda anakaa mtaa huohuo, nyumba inayopakana na ya Dom. Naye alikuwa na kiti chake nje, cha manjano, cha jikoni, kwa sababu aliyaamini maneno yake mwenyewe. Kwetu kuingiza kiti kuna maana moja tu, kwamba dhoruba imekwisha. Angeweza kungoja giza akakichukua kimyakimya, na nani angemlaumu? Alitoka Jumapili mchana, watu wametoka kanisani, kila dirisha lina uso. Amefunga vifungo vyote vya koti. Akashuka ngazi, akakinyanyua kiti chake, akamgeukia Dom aliyekuwa amejisimika mlangoni na hotuba nzima mdomoni.

"Nilikosea, Dom," alisema. "Ingiza choo chako ndani."

Dom akashuka ngazi, akakikumbatia choo chake. "Sawa, mama," alisema.

Kabla ya chakula cha jioni viti vyote vilikuwa vimeingizwa ndani. Nimefanya kazi na watumishi wa umma maisha yangu yote, na lile neno moja, nilikosea, sikuwahi kulisikia likisemwa barabarani, mchana, bila wakili. Mheshimiwa Meya, nasema tu.

Nilidhani yameisha. Hayakuisha. Wiki iliyofuata tuliitwa katika ukumbi huu. Bwana Hale, ambaye si mtu mbaya, na ambaye simu yake ilikuwa imelia kwa hasira zenu mpaka akaifungia kwenye jokofu, alileta pendekezo. Kuanzia siku hiyo, namba yoyote ya theluji atakayoipata, Bi. Wanda aigawanye kwa mbili kabla ya kuisoma, ili watu wasitishwe. Akikataa, mashine itapewa kipaza sauti isome. Ndugu zangu, mlipiga makofi. Niliwaona. Wengine mlisimama.

Naye alikuwa amekaa pale mbele, mjane, hana mtoto, na ile redio ndiyo iliyomwamsha kila siku. Alijua kabisa kwamba jioni ile anaweza kutoka mlangoni akiwa hana kazi.

"Curtis," alisema, "nikigawanya kwa mbili, ile nusu nyingine nikaiweke wapi?"

Bwana Hale akainamia karatasi zake.

"Nikikosea nitasema nimekosea. Mmeniona nikisema. Lakini nikiona thelathini nikawaambia kumi na tano, hapo sijakosea. Hapo nimewadanganya. Mimi siwezi. Kama ni kunitoa, nitoeni."

"Basi tupige kura!" mtu alisema nyuma, na wengi wakaitikia.

Ndipo akasimama Bi. Agnes Doyle. Nakiri tuliguna, kwa kuwa tulijua ni habari ya mikate. Na kweli alianza na mikate.

"Nina hasira," alisema. "Mikate mitatu imeota ukungu. Nimeitupa, na sikulelewa kutupa chakula."

Akashika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake.

"Wengi wenu hamkuwapo mwaka ule wa barabara kuu. Kulikuwa na bwana mmoja redioni, ana sauti nzuri, wa kutoka mji mkubwa. Alisema inchi tatu. Labda nne, alisema, si ya kumzuia mtu kwenda kazini. Francis akaniambia, 'Aggie, inchi tatu si kitu, nitarudi chakula kikiwa moto.'"

Mimi mwaka ule nilikuwa mgeni katika kikosi. Tulifukua barabara kuu kwa makoleo, gari baada ya gari lililozikwa na theluji, tukigonga vioo kwanza ili kujua kama tuharakishe. Gari la Francis Doyle nililifungua mimi. Naomba mniruhusu niishie hapo.

"Mnajua ni wangapi walimpigia yule bwana simu kumtukana?" Bi. Agnes aliuliza. "Hakuna hata mmoja. Mimi nilishika simu, nikairudisha. Ningemwambia nini? Kila mwenye haki ya kumtukana alikuwa na mazishi. Na yule bwana aliendelea na kazi yake mpaka akastaafu, na mliandaa keki."

Akamgeukia Bwana Hale.

"Mkate ukioza, Curtis, nautupa. Nimeshautupa. Niachie Wanda."

Akakaa, akaweka mkoba wake mapajani, akaufunga.

Kura ikapigwa. Wanaounga mkono pendekezo wanyooshe mikono. Hakunyoosha mtu, na hata Bwana Hale aliyelileta hakunyoosha. Mkono wa Dom ulikuwa umeshapanda kwa mazoea, kwa hiyo alijikuna nao kichwa na kuushusha.

Tangu siku hiyo Bi. Wanda amekosea mara kadhaa, na kila mara ametoka nje na kusema amekosea, nasi kila mara tumegomba dukani kana kwamba ni mara ya kwanza. Na msimu mmoja wa baridi alisema inchi ishirini na nane, zikaja zote, na upepo wake. Yupo anayeikumbuka dhoruba ile? Hayupo. Hamuikumbuki kwa sababu mlikuwa ndani mnakula mkate wa mayai. Mimi naikumbuka vizuri, maana nilikaa kituoni na vijana wangu tumevaa buti, tukingoja simu, na simu haikulia. Tulicheza karata mpaka tukachokana. Ni usiku ambao nimefurahia kazi yangu kuliko wowote.

Bi. Wanda sasa anakwenda kuishi na dada yake kule Arizona, ambako anasema utabiri ni neno moja, jua, mwaka mzima na mtu yeyote anaweza kulisoma. Tumejaribu kumzuia, ameshindikana. Yule mkaidi aliyekataa kugawanya kwa mbili hawezi kuwa laini siku ya kufunga mizigo.

Mahali pake anakaa Bwana Theo Lachance, yule kijana mrefu mwenye tai, ambaye naona ameacha kula tangu nilipoanza kuzungumza. Bwana Lachance, karibu. Utakosea. Siku hiyo ukumbi huu utajaa, na tutakusema vibaya, kwa kuwa ndivyo tulivyo, na Dom ameshaanza kujiandaa. Usiharakishe kujitetea. Kwanza angalia nyuso zetu, mstari kwa mstari. Ukiona tuliokuja kukugombeza tumetimia wote, hakuna mke aliyekuja bila mume wake, wala mume bila mke wake, vuta pumzi, kaa chini, utukanwe kwa amani.

Bi. Wanda, najua unamtafuta mtu mmoja katika ukumbi huu. Na mimi nimemtafuta tangu nilipopanda hapa. Agnes Doyle alituacha vuli iliyopita, akiwa mzee sana, usingizini, blanketi limemfika kidevuni na kikombe cha chai pembeni. Nililetwa pale kwa kazi, nikasimama mlangoni, nikaona kwamba hakuna cha kufukua. Nikakuwazia wewe. Hivyo ndivyo watu wa Ashby Mills wanavyokufa siku hizi, mama, na ni kwa kazi yako: nyumbani, vitandani mwao.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia mpaka mwisho. Naomba tusimame, tumpe mama huyu makofi yake, na safari hii tusiyagawanye kwa mbili.