Gurudumu Lililopakatwa

Mwaka hamsini na sita Sadalla, fundi baiskeli wa Ilala, alipanda basi la Gerezani amepakata gurudumu la kigari cha mbio cha Mzungu. Mama aliyekaa pembeni yake akauliza, "Baba, huyo mgonjwa kapatwa na nini?"

"Kapatwa na mimi," alisema Sadalla. "Mzungu aligonga mti, madigadi ikabonyea, gurudumu likapinda kidogo. Madigadi nikainyoosha kwa mchi wa mke wangu, ikakubali. Kuona gurudumu lina spoku, nikajisemea, hii si baiskeli iliyonona? Nikazikaza mpaka likawa yai."

"Mwenyewe anajua?"

"Anafuata gari lake adhuhuri. Wa kulinyoosha ni Marcelino, fundi magari wa Gerezani, na miaka kumi mimi namwita mgonga masufuria mbele za watu."

"Basi kamwombe radhi."

"Nitamwambia nimeletewa likiwa hivi hivi."

"Ataamini?"

"Mama, mwenyewe najaribu kuamini tangu Ilala, nimeshindwa."

Basi likasimama. Marcelino alikuwa mlangoni pa karakana yake. Sadalla akashuka, akaliviringisha gurudumu kwa madaha, nalo likachechemea, likamponyoka, likaenda kumwangukia Marcelino miguuni kabla Sadalla hajafungua kinywa.