Glasi Sita za Gashe Bogale

Kama una siri na unaipenda, usipite nayo mbele ya benchi la Etiye Asnakech, mama wa kahawa, pale Adama, kwenye barabara ya malori ya Jibuti. Siri itafika Awash kabla yako. Benchi lenyewe ni mbao mbili juu ya ringi kuukuu za lori, limeegemea ukuta wa karakana ya Gashe Bogale, fundi wa pampu za dizeli. Asnakech hukaanga buni papo hapo na kumimina raundi zake tatu, abol, tona, na ile ya mwisho ya baraka, huku masikio yakifanya kazi kuliko mikono. Lakini asubuhi hiyo hata umbea ulikuwa hauteremki kooni. Nyuma ya jiko lake palikuwa na mwavuli mpya wa mahameli nyekundu, umeviringishwa kwenye shuka. Alikuwa amemwekea Malaika Gabrieli nadhiri: binti yangu akipata mtoto, nitakuletea mwavuli kanisani kwako Kulubi kwa mikono yangu mwenyewe. Mtoto kapatikana, mashavu kama maandazi. Sikukuu keshokutwa. Na basi la kwenda Kulubi, la Wondifraw, limesimama mbele ya karakana, injini wazi, kama mgonjwa aliyesahauliwa na daktari.

— Daktari gani! — alifoka Wondifraw, kikombe mkononi. — Mara ya pili hii ananiambia pampu haina ugonjwa. Basi linatoka hapa linaimba, likikaribia Metehara linakohoa, linakata roho. Likipumzika, linafufuka. Halafu yeye, haina ugonjwa!

— Kunywa kahawa, mwanangu, — Asnakech alimwambia. — Ikipoa utasema nayo ina pampu mbovu.

Mlango wa karakana ulikuwa wazi. Gashe Bogale alikuwa ameifunga pampu kwenye mashine yake ya kupimia, mashine inazunguka inanguruma, na dizeli inadondoka kwenye glasi sita ndefu zilizopangwa mstari mmoja. Aliinama mpaka jicho likawa sawa na dizeli. Asnakech alikuwa ameliona jambo hilo miaka na miaka na hajalichoka: zile glasi zilijaa pamoja, taratibu, kama waumini wanavyosimama Injili ikianza kusomwa.

— Njooni muone, — Bogale aliita. — Pampu mbovu haijazi sawa hivi.

Hakunyanyuka mtu ila Asnakech. Akainama, akafumba jicho moja.

— Zimelingana hata nzi hawezi kuteleza, — alitangaza. — Mwanamume anayemimina hivi ningemwoza binti yangu.

— Binti yako kashaolewa, — alidakia Garimoshi, mzee aliyefanya kazi reli ya zamani mpaka jina lake la kubatizwa likasahaulika. — Labda ujioze mwenyewe.

— Funga mdomo, Garimoshi. Breki zako zilishakatika.

Wondifraw hakucheka. Aliingia karakana, sauti kaishusha.

— Gashe, nakuomba. Fungulia ile skurubu kidogo. Lipate dizeli zaidi, lipate nguvu.

— Sifungulii.

— Nusu mzunguko tu!

— Nusu mzunguko litatema moshi mweusi, na mlimani injini itachemka na akina mama wamo ndani. Mimi simpi dawa mtu asiye mgonjwa.

— Ng'ambo ya barabara pale wananifungulia sasa hivi!

— Najua. Nenda.

Asnakech, moyoni, alitaka kumkumbatia Bogale kwa msimamo wake na kumzaba kibao kwa ukaidi wake. Ng'ambo walikuwa hodari wa kufungulia. Safari ingeondoka leo. Ingefika? Hilo lingine. Alitupia jicho mwavuli wake.

— Wondifraw, — alisema, — ukivuka barabara, mimi na mwavuli wangu hatupandi.

Bogale alimtazama Asnakech, akatazama chini, akaanza kufungua pampu kutoka mashineni.

— Tuirudishe, — alisema. — Liwashwe hapa hapa, jiwe juu ya pedeli, mpaka life. Mara zote limefia mbali. Nataka lifie mbele yangu.

Pampu ikarudishwa, hewa ikatolewa, basi likawaka kwa mlio wa kumtamanisha mtu harusi. Benchi likajaa moshi wa ubani, vumbi la malori na nadharia. Asnakech akamimina abol, akawagawia shayiri ya kukaanga, maana ulikuwa mfungo na maziwa hayaguswi.

— Mimi nasema dizeli ni mbovu, — alianza Kiraka, mziba matairi, ambaye kwake kila kitu duniani ni pancha. — Wanachanganya mafuta ya taa.

— Malori mangapi yanajaza kituo kile na yanafika Jibuti? — Garimoshi alimkata. — Sikiliza mtu wa reli. Kule Metehara kuna reli ya zamani chini ya ardhi. Chuma kile kina sumaku. Basi likipita, sumaku inavuta injini.

— Mbona haivuti malori?

— Malori ni mazito, hayavutiki.

— Labda kuna anayeiba dizeli njiani, — alisema Asnakech, ambaye wezi walikuwa ndio nadharia anayoipenda.

— Haiwezekani! — Kiraka alijipiga kifua. — Kifuniko cha tangi lake kiliibiwa Mieso, mimi ndiye niliyemtengenezea kingine. Nimekivalisha mpira wa tyubu, nikakipaka gundi. Hata harufu haitoki!

— Basi mimi ninajua, — alisema Wondifraw kwa uchungu, na ilionekana ameliwaza hilo usiku. — Hili basi, kabla sijalinunua, lilikuwa linabeba mirungi ya Aweday. Limezoea mbio na vurugu. Sasa linabebeshwa wacha Mungu wanaoimba polepole. Linasinzia!

Waliangua kicheko. Garimoshi alishika mbavu na kusema dawa basi ni kulining'inizia kitita cha mirungi mbele ya taa. Hata Bogale, aliyechuchumaa kando ya injini mkono juu ya bomba la dizeli, alitabasamu. Halafu akaacha kutabasamu.

Basi lilikuwa limekohoa.

Asnakech alikuwa anamimina tona. Kifuniko cha nyasi cha jebena yake, birika la udongo, kilikuwa kimeungua motoni asubuhi, na kwa ajili ya vumbi alikuwa ameiziba shingo ya juu, akaacha mdomo wa kumiminia tu, kwa tambara na mfuko wa nailoni, akaushindilia kwa kidole gumba. Kikombe cha kwanza, sawa. Cha pili, kahawa ikawa uzi. Cha tatu, tone. Akatingisha. Hakuna.

— Imeisha? — aliuliza Garimoshi kwa hofu ya kweli.

— Iishe vipi, nzito hivi! — Akang'oa ule mfuko. Jebena ikavuta pumzi, na kahawa ikaruka kikombeni mpaka kwenye sahani.

Basi likakohoa tena, likapiga chafya, likaanza kuzama. Wondifraw alishika kichwa. Lakini Bogale hakutazama injini. Alikuwa anatazama birika mkononi mwa Asnakech, kama mtu anayeitwa jina lake kutoka mbali. Akainuka, akazunguka ubavuni mwa basi, akashika kifuniko cha tangi kwa mikono miwili, akakisokota.

Fyuuuu!

Tangi lilivuta hewa kwa nguvu hata ukingo wa gabi yake, shuka zito la pamba alilojitanda, ukafuata. Injini iliyokuwa inakata roho ikasitasita, ikajikokota, ikasimama wima, ikaimba.

— Nani alikifunga hiki? — aliuliza Bogale.

Macho yote yakageuka.

— Mwizi hapati hata tone! — Kiraka alijitetea.

— Na pampu pia haipati. Inavuta, hewa haiingii tangini, inavuta utupu.

Akachukua msumari, akakitoboa kile kifuniko kitundu kimoja, akakirudisha, akaosha mikono. Basi likaendelea kuimba, jiwe juu ya pedeli, mpaka kahawa ya tona ikaisha na akina mama wakaanza kuja na vikapu na wajukuu.

Hapo akatokea bibi mmoja mgeni, anakwenda Kulubi kwa miguu kutoka pande za Arsi, jiwe la nadhiri mgongoni, kakalishwa apumzike. Wakamsimulia wote kwa pamoja: basi lilivyokufa, sumaku, mirungi, na fundi wao asiye na mfano kuanzia Adama hadi baharini. Bibi alisikiliza, akatafuna shayiri yake.

— Mungu ampe umri, — alisema. — Na hiyo pampu, alitengeneza nini?

Garimoshi alitazama anga. Kiraka alitazama kikombe. Wondifraw ndiye aliyekiri kwamba haikuwa na ugonjwa. Ndani ya karakana Bogale alikuwa anafuta glasi zake, moja moja, kwa pindo la shati.

Asnakech akainua jebena. Ya baraka ilibaki kikombe kimoja. Hakuuliza mtu. Akakipeleka ndani kwa mikono miwili, akakiweka kando ya zile glasi, kimejaa sawasawa mpaka ukingoni, hakijamwaga hata tone. Kisha akamwachia Kiraka jiko liwe adhabu yake, akamchukua yule bibi, ambaye kwa miguu asingewahi sikukuu, na jiwe lake wakae kiti kimoja, akapanda na mwavuli.

Benchi likabaki kimya. Watu wa Adama mpaka leo wanabishana kama kimya hicho kilitokea kweli.