Binti Marhoun na Stesheni Iliyomezwa

Assalaam alaykum. Kwa idhini ya wazee, na kabla hitma haijaanza, familia inawasomea maisha ya dada yetu Thuraiya binti Marhoun, na mtuwie radhi tukionekana kujivuna, kwani mcheza kwao hutunzwa.

Thuraiya alizaliwa hapa Wingwi tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa kwanza wa Mzee Marhoun na Bi Shamima, akaanza skuli ya msingi hapa hapa mwaka 1978. Tarehe 3 Juni 1980 bibi yake mzaa baba alifariki kule Mkoani, kusini mwa kisiwa, tangazo likasomwa redioni asubuhi kama ilivyo ada, na Mzee Marhoun, ambaye kila siku aliwaambia wanawe, "Nyamazeni, wasoma vifo," aliinamia redio yake asisikie kitu, maana stesheni ya ng'ambo yenye nguvu ilipanda ikaimeza yetu, habari ikamfikia siku ya pili, akakuta mama yake ameshazikwa, ameoshwa na Bi Rumaitha, dada yake Mzee, bila Mzee kuwapo. Jambo hilo lilimuuma Mzee, na Thuraiya aliliona.

Alisoma sekondari Wete, akamaliza kidato cha sita Unguja mwaka 1991, akapata shahada ya uhandisi wa elektroniki Dar es Salaam mwaka 1996 na ya uzamili Uswidi mwaka 1999, akaajiriwa huko huko kusanifu chipu za vipokezi, vidude vidogo kuliko punje ya mchele vinavyodaka mawimbi ya redio hewani na ya televisheni kwenye waya, na yeye akapewa sehemu ya mwanzo kabisa, pale mawimbi yanapoingia yakiwa bado manyonge.

Tarehe 12 Agosti 2000 aliolewa na Bwana Nizar bin Muadh, mwalimu wa hesabu kutoka Micheweni, wakajaaliwa Widad mwaka 2002 na Muadh mwaka 2005, na Bwana Nizar ni shahidi kwamba mkewe alipima visivyoonekana kwa jicho, lakini maji ya wali hakuwahi kuyapatia.

Mwaka 2003 chipu yake ya kwanza ilirudi kutoka kiwandani baada ya miezi minne ikiwa kiziwi, wakubwa wakakilaumu kiwanda, naye angeweza kunyamaza, ila alisimama kikaoni akasema kosa ni lake, kwamba alibana nafasi akaweka koili mbili, vile vizingo vya waya, karibu mno, mawimbi ya ndani yakavuja hadi kwenye antena, chipu ikawa inajisikia yenyewe badala ya kusikiliza dunia. Hawakumfukuza kazi, akaichora upya kwa miaka mitatu, na mwaka 2006 chipu yake ikadaka stesheni nyonge iliyo ubavuni mwa yenye nguvu, safi, bila kumezwa.

Redio ya kwanza yenye chipu hiyo aliileta Wingwi mkononi, Mzee Marhoun akasikiliza vifo mpaka jina la mwisho, akalia mbele yetu sote wala hakuona haya, na alipofariki mwaka 2012 aliusia redio ile apewe Bi Rumaitha kule Mkoani.

Thuraiya alirejea mwaka 2015 akafundisha chuoni Unguja, akaugua saratani mwezi Mei 2023, akatibiwa Dar es Salaam, akaomba arudishwe nyumbani, na akaagiza kifo chake kisomwe redioni, kisiishie kwenye simu tu. Alifariki hapa alfajiri ya tarehe 9 Februari 2025, akiwa na miaka hamsini na mitatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Wingwi waliochimba kaburi na kupika, na wafanyakazi wenzake wa huku na wa Uswidi. Mwisho tunamshukuru shangazi yetu Bi Rumaitha, mwenye miaka themanini na asiye na simu, aliyelisikia tangazo la saa moja kwenye redio ile, akatafuta gari asubuhi ile ile, akafika maji ya kuoshea yakiwa bado kwenye ndoo, akakunja mikono ya buibui lake akamwosha mwana wa kaka yake.

Lala kwa amani, binti Marhoun, safari hii tangazo limefika mapema.