Masaa Manane na Nusu Hadi London

Kijiwe cha Gazi ni benchi moja la boriti za mikoko, dele la kahawa chungu na watu wasiokubali kushindwa. Mulwa, Mkamba aliyehamia hapa miaka ishirini iliyopita, nyumba yake iko ng'ambo ya njia tu, mlango unaonekana. Mchana huo wa saa nane alikuja na simu mkononi, kahawa hakuigusa. Bintiye Mbithe alikuwa amepanda ndege Nairobi saa tatu asubuhi, aende London kuuguza wazee. Saa sita akapiga simu: "Baba, nimefika."

— Masaa matatu? Boga akaguna. Wamembatiza Rubani, kwa kuwa aliwahi kubeba mizigo uwanja wa Ukunda. — London ni masaa manane na nusu, bwana!

— Kilomita karibu elfu saba, akadakia Mwero, dereva wa trekta la miwa kule Ramisi. — Trekta langu lingemaliza mwezi na ushei.

— Lakini dunia nayo yazunguka, akajibu Boga. Ndege ikiruka, London yenyewe yaijia. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Wapi! Saa za London ziko nyuma. Kafika kabla hajaondoka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Kuinama kwaingiaje hapo?

— Kwani ndege haiinami ikitua?

Wakacheka. Mulwa hakucheka.

— Sauti ni yake, akasema. — Lakini anasema huko ni kiza. Kiza totoro, na abiria wote wamenyamaza.

Boga akaweka kikombe chini.

— Huko juu pana njia ya mkato, jamani. Ya wenyewe, wasioonekana.

— Astaghfirullahi, Boga! Mulwa, akasema nini tena?

— "Mwambie mama sasa afagie."

Hapo wote walielewa. Msafiri akitoka, nyumba haifagiwi mpaka afike salama. Ukifagia mapema, wamfagia na yeye. Asubuhi hiyo Warda, jirani yao, alikuja kumwonya Kavenya, mkewe Mulwa. Mulwa alicheka, lakini ufagio aliuficha darini mwenyewe. Baada ya simu ya saa sita akauteremsha, akampa Kavenya.

Akapita Cynthia, aliyepanga chumba kimoja na Mbithe huko Ukunda.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

Akasimuliwa yote. Akakunja uso.

— Baba, mwiko huo Mbithe kaujulia wapi? Miaka minne nimekaa naye. Mimi nikisafiri, alikuwa akifagia kabla sijafika stendi.

Mwero alichungulia kikombe chake kitupu. Mulwa akaitazama saa: tisa kasorobo. Ndege ilikuwa bado angani, na safari imebaki karibu masaa matatu. Kisha akausikia ufagio ng'ambo ya njia, shwaa, shwaa.

— Mama Mbithe! Wui, usifagie!

Ufagio ukanyamaza. Kavenya akatokea mlangoni, jasho tele usoni, taka zote zimeshavuka kizingiti.

— Nishamaliza, akasema. — Mwanao kanipigia tena sasa hivi, aniambia nifanye haraka.