Binti Aliyedhaniwa Amekataa Jina Lake

Wazee wangu wa benchi la mbele, shikamooni. Ninyi wengine wote nawasalimu kwa jina la huyu Mungu aliyetufikisha Jumapili ya leo. Mchungaji ameniomba niwe mfupi. Mnanijua, mimi ni mtu wa karasha kule Matongo, nimezoea kupiga kelele ili mashine ya kusaga mawe isinishinde. Nikipaza sauti msidhani nagomba. Halafu sitamtaja mtu jina, hata mwanangu, ingawa wengi mtamjua. Nimemuomba ruhusa, akasema, "Sema tu, tata, lakini usilie." Nitajitahidi.

Ni binti yangu wa pili. Darasa la kwanza alikuwa moto. Akirudi shuleni anawapanga mbuzi zizini anawafundisha kuhesabu, na asiyejibu anasimamishwa kwenye kona. Darasa la tatu mambo yakageuka. Mwalimu wake akaniita, akaniambia, "Baba, huyu mtoto namwita, ananitazama tu. Nikimwita tena anaitika kama ndiyo mara ya kwanza. Kwenye imla anaandika maneno mawili, matatu anayaruka. Ni kiburi au ni nini?"

Nyumbani ni hivyohivyo. Mama yake anamtuma chumvi, katikati ya maneno mtoto anaganda. Macho yako wazi, kope zinachezacheza. Kufumba na kufumbua amerudi: "Umesema nini, mama?" Shuleni akachapwa, nyumbani akagombezwa. Fimbo hazikumsaidia kitu. Alizidi kuwa mwoga, akawa anatutazama midomo tunapoongea.

Sasa, ndugu zangu, kwetu mnapajua. Mtoto haokotewi jina barabarani, anapewa la mtu wa ukoo aliyetangulia. Na mtoto akiitwa asiitike, wazee wana jibu lao tayari: jina limekataliwa. Mama yangu mzazi, yule pale, alikuja akakaa jikoni kutwa nzima, akimwita mjukuu wake na kumchunguza. Jioni akaniambia, "Mwanangu, ulimpa jina la shangazi yako. Shangazi yako alikufa amenuniana na baba yako. Ulitegemea nini?"

Msinicheke! Nusu yenu humu mngefanya kama mimi. Mkristo mzima, nimebatizwa kwa maji mengi, nikaleta mbuzi. Wazee wakaja, binti akapewa jina la bibi mwingine, mtu mpole ambaye hata kwenye kitanda cha mauti alikuwa anatania watu. Tukala nyama. Kesho yake nikaenda kumwambia mwalimu kwamba mtoto sasa aitwe hivi. Mwalimu alinitazama kama nimelewa asubuhi.

Na nawaambia ukweli, siku za mwanzo aliitika. Mama yangu akatembea kijijini amenyoosha shingo. Halafu mtoto akaanza kuganda tena, safari hii mara nyingi kuliko zamani. Mwalimu akasema, "Baba, sasa ana majina mawili na yote mawili haitiki." Akashauri akae nyumbani kwanza mpaka atulie. Mama yangu naye akasema, "Mlete kwangu, ashike jembe, shule si ya kila mtu."

Hapo ndipo roho ilianza kuniuma. Najua binti aliyetolewa shule mapema huku kwetu anaelekea wapi, na ninyi mnajua. Nilikubali moyoni kwamba muhula ukiisha nitamtoa.

Siku moja mchana alikuwa ananiletea chakula kazini, bakuli kichwani. Mimi niko ng'ambo ya barabara, namwona anakuja, nafurahi maana njaa ilikuwa inanikata. Lori la mawe linateremka kile kilima, limejaa. Binti akaingia barabarani. Alipofika katikati akasimama.

Nikamwita kwa jina jipya. Kimya. Nikamwita kwa jina la zamani, nikasahau kabisa wazee na mbuzi wao. Kimya! Dereva akapiga honi hata ng'ombe waliokuwa wanakunywa kule chini wakatawanyika. Yeye hakugeuza shingo. Kope zake, ndugu zangu, nikaziona zinacheza.

Sikumbuki nilivyokimbia. Nakumbuka vumbi, nakumbuka matairi yakilia, nakumbuka tumeangukia mtaroni mimi na yeye, ugali na mchicha vyote kifuani kwangu. Lori lilikuwa limesimama pale alipokuwa amesimama yeye. Mwanangu akanitazama, hana habari, akaniuliza, "Tata, mbona umemwaga chakula?"

Nikakaa pale mtaroni. Dereva alikuwa ananitukana na alikuwa na haki. Lakini mimi nilikuwa nafikiri jambo moja. Mtoto anaweza kukataa jina la shangazi, sawa. Nani anakataa honi ya lori? Huyu hakuwa amekataa kitu. Huyu hakusikia.

Sikurudi nyumbani kuomba ushauri. Nilijua nikirudi kutakuwa na kikao. Nikasimamisha bodaboda, tukaenda hospitali mjini hivyo hivyo na mchicha kwenye shati. Pale tukapokelewa, tukaulizwa maswali, tukaelekezwa kliniki ya afya ya akili. Niliposoma kibao cha mlangoni nikataka kugeuza. Nikasema, nikionekana hapa, kesho Matongo nzima itasema binti yangu ni kichaa. Binti akanishika mkono akaingia kabla yangu.

Daktari alikuwa mama mmoja wa maneno machache. Akamshikisha mtoto kipande cha karatasi mbele ya mdomo. "Puliza kama unapoza uji, usiache mpaka nikwambie." Mtoto akapuliza. Karatasi inaruka, inaruka. Mimi nikawaza, nimemtoa mtoto kwenye lori nimemleta kucheza? Mara karatasi ikatulia. Mtoto ameganda, macho wazi. Daktari akamwita, akamwambia taratibu, "Ng'ombe mwekundu." Aliporudi akamuuliza, "Nimekwambia maneno gani?"

"Hujaniambia kitu, daktari."

Daktari akanigeukia. "Umeona mwenyewe, baba? Huyu si mkaidi. Ubongo wake unakatika kidogo halafu unarudi, kama umeme wetu. Kwa siku anaweza kukatika mara nyingi sana. Kila ukikatika, maneno ya mwalimu yanampita. Hiki ni kifafa, aina inayowapata watoto."

Nimesema kifafa. Ndiyo. Nasikia minong'ono huko nyuma, na nimeona mmoja amemvuta mwanawe karibu. Simlaumu, hata mimi nilimjia juu daktari: "Mwanangu haanguki! Hatoi povu!" Akanijibu, "Ndiyo maana mmechelewa kujua."

Ndipo binti yangu akauliza swali lililonimaliza. "Kwani mwalimu haruki maneno? Mimi nilidhani anaruka kwa watu wote, wenzangu wanajua kukisia."

Mtoto huyo alikuwa anaamini dunia nzima inakatikakatika, na kwamba yeye peke yake ndiye mjinga asiyeweza kuiunganisha. Na sisi tunamchapa. Nililia palepale, na daktari akaniacha nilie.

Tukaanza vidonge vya kila siku. Haikuwa rahisi. Mwanzoni alisinzia hata kwenye chakula, tukarudi, daktari akapunguza dozi, kisha akaipandisha polepole. Mama yangu aligoma, akasema dawa za wendawazimu haziingii kwenye ukoo wake. Hatukuongea vizuri kwa muda mrefu. Mpaka siku moja alikuja, akakaa mlangoni, akaanza kumwita mjukuu wake. Anaitika. Anamwita tena, anaitika. Alivyoendelea mtoto akachoka: "Bibi, kwani unataka nini hasa?" Mama yangu alicheka, machozi yanamtoka, akajifuta kwa kanga. Tangu hapo yeye ndiye anayekumbusha dawa.

Binti yuko shuleni. Si wa kwanza darasani, msinisingizie. Anafidia yaliyompita. Mwalimu amemweka dawati la mbele, na akimwona ameduwaa humgusa bega, kisha hurudia alichosema. Daktari anasema wengi hupona wakikua, lakini hakutuahidi. Vidonge tunaendelea navyo.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule dereva kwa breki zake na hata kwa matusi yake. Namshukuru daktari, na mwalimu aliyekubali kujifunza upya pamoja nami. Mke wangu, asante, wewe ulisema tangu mwanzo kwamba macho ya mtoto yana kitu, sikukusikiliza. Na ninyi wenye mtoto anayeitwa haitiki, anayesoma leo kesho hajui: kabla ya fimbo, kabla ya mbuzi, mtazameni machoni, mpelekeni hospitali. Inaweza kuwa masikio, inaweza kuwa macho, inaweza kuwa hiki chetu. Muacheni anayejua atazame.

Neno la mwisho, nalo ndilo gumu kuliko yote. Tumekuwa tukiwaficha ugonjwa huu, kwa sababu najua kwetu mtoto wa kifafa anavyotengewa kikombe na sahani. Hauambukizi. Si kwa mate, si kwa kikombe, si kwa kukaa dawati moja. Sasa, leo ni zamu ya watoto wetu kuhudumia chai, na yeye ndiye mwenye birika. Aliniomba niseme mkishakunywa. Nikakataa. Nataka mjue kwanza, ndipo mnywe.

Yuko pale mlangoni, anawatazama. Mnaona mikono yake ilivyobana birika? Mimi nimemaliza, siwezi kumnywea mtu chai.

Mama, ibada haijaisha, lakini naona umeshainua kikombe.

Haya, mwanangu. Anza na bibi yako.