Mvua Iliyobaki Kwenye Wimbo wa Mwisho

Bwana asifiwe, watu wa nyumba hii! Najua wengine mmeshtuka kuniona hapa mbele. Mimi ni Chelangat, yule aliyerudi kutoka chuo kikuu akamuuliza mchungaji kwa nini mvua ya mawe haimhurumii mjane mwenye chai. Swali hilo bado ninalo. Lakini leo nimekuja kushukuru.

Ndugu zangu, Chepkemoi mnamjua. Tangu shuleni tumeimba wawili, gitaa moja, nyimbo zetu wenyewe. Tulitamani kutoa albamu nzima. Tulirekodi kwa simu yangu kwenye banda la kupimia majani chai, asubuhi, kabla wakulima hawajafika. Mchana hapa Boito ni mvua, na mvua kwenye mabati humeza kila kitu.

Asubuhi moja Mama alitukuta, akatua kikapu, akasikiliza.

“Wimbo ni mzuri,” akasema, “lakini Yesu hamkumtaja hata mara moja?”

“Tutamtaja kwa albamu ya pili, Mama,” Chepkemoi akamjibu. “Kwanza atusaidie kumaliza hii.”

Hatukuimaliza. Kazi ya nyumbani ilipatikana ghafla Arabuni, Chepkemoi akaenda. Wimbo wa mwisho tulikuwa tumejaribu kuurekodi mara moja tu, mchana, mvua ikatukuta. Niliuweka kando kama kitu kilichoharibika.

Nilimwomba auimbe huko anitumie. Aliimba kwenye chumba cha kufulia nguo, kwa kunong'ona, mwajiri asisikie. Ilikuwa sauti ya mtu anayeomba ruhusa ya kupumua. Nililia! Nikajaribu mimi mwenyewe kuimba sehemu yake, ikanishinda. Gitaa nikaliweka juu ya kabati. Nikawa mtu wa kuchuma chai na kunyamaza.

Siku moja, katikati ya michai, nilisema kwa sauti: “Kama uko, nirudishie sauti yake.” Hata amina sikusema.

Mvua ikanifukuza hadi bandani. Kwa hamu tu ya kumsikia, nikaufungua ule wimbo ulioharibika. Mvua ikawa nje, na ndani ya simu pia. Kisha Chepkemoi akacheka: “Chela, wacha inyeshe! Nitaimba juu yake.” Na akaimba! Kwa kifua chote, bila kumwogopa mtu. Ndugu zangu, sauti ilikuwepo siku zote. Mimi nilikuwa nimesikia mvua peke yake.

Nikamtumia. Akajibu: “Usitoe hiyo mvua hata kidogo. Huku sijaisikia tangu nije.”

Albamu imetoka, na inaishia na mvua ya Boito. Asante Mungu! Sijui ulivyofanya, na nitaendelea kukuuliza.

Chepkemoi bado hajarudi. Leo mabati haya yakianza kulia, mwombeeni arudi salama. Na wewe unayemngoja mtu, usisubiri imani yako ikamilike ndipo uite. Mimi niliita nikiwa na nusu ya imani, nikaitikiwa.