Marselino Jilala, Aliyesoma Mikataba Miwili kwa Pamoja

Marselino Makoye Jilala, mwana wa Jilala aliyechimba kisima kinachonywesha watu wa Ibadakuli mpaka leo, mjukuu wa Makoye aliyehamisha ng'ombe themanini mwaka wa njaa asipoteze hata ndama, alizaliwa Ibadakuli tarehe 3 Juni 1908.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Waliomcheka kwa kufuata mstari kwa kidole ndio hao baadaye walimletea barua zao awasomee.

Mwaka 1926 alianza uashi. Kuta zake zimesimama; anayebisha akazipime. Tarehe 28 Oktoba 1931 alimwoa Melania. Mlangoni mwa kanisa aligonga ukuta kwa vifundo vya vidole, Padri akamwuliza anatafuta nini. "Nataka kujua kama ukuta huu utasimama mpaka niseme ndiyo, Padri." Melania alicheka hadi madhabahuni.

Yaliyomwua yatasemwa, maana aliyeyafanya amekaa hapa msibani, mstari wa mbele, na koti lake. Mwaka 1953 kampuni moja ya ujenzi iliwapa Marselino na mshirika wake, Donatus Maduhu, kazi ya kujenga shule Segese. Mkataba ulikuwa fomu ya chapa, jalada lile lile na vifungu kumi na vinne kama fomu ya 1948 waliyoizoea. Marselino akaenda na nakala nyumbani. Melania akashika ya zamani, yeye mpya, wakasoma kwa sauti, pamoja, neno kwa neno. Kwenye kifungu cha tisa sauti zikaachana. Ya zamani ilisema ukuta ukipasuka kwa ubaya wa ardhi, mwenye jengo ataujenga upya. Mpya ilisema ataujenga fundi, sababu iwe yoyote. Na kiwanja kile kilikuwa udongo mweusi wa mbuga, unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa jua.

Asubuhi alimwahi Donatus kiwanjani. "Usitie sahihi. Kifungu cha tisa kimegeuzwa."

"Nimeshatia, kwa ajili yetu wote wawili. Jalada ni lile lile, Baba Generosa. Wewe ni mwashi au karani?"

"Basi tuchimbe msingi mpaka ardhi ngumu."

"Ukipenda kuchimba hivyo, nenda Geita ukatafute dhahabu."

Vibarua wakacheka. Machi 1954 kuta tatu zikapasuka. Donatus akatangaza kila kilabu cha pombe kwamba Marselino alichanganya saruji vibaya, kisha siku ya kurudi kazini akaumwa mgongo. Marselino alibomoa na kujenga peke yake na vibarua wawili, mvua ikimpiga. Kifua kikamshika. Alifariki nyumbani tarehe 11 Februari 1955. Kilichomwuma kuliko kifua ni kuzikwa akiitwa fundi wa nyufa. Fomu zote mbili zimebandikwa mlangoni. Mliolisambaza jina hilo, someni kabla ya kula.

Ameacha mjane Melania, binti yake Generosa ambaye ni mwalimu, mwanawe Athanas, na dada yake Paskalia, aliyeandika haya. Mungu ampe utulivu tuliomnyima sisi.

Siku mbili kabla hajafa alimwita Generosa. Kampuni ingewaletea mafundi fomu nyingine mwezi Machi. "Nenda ukakae mezani pao," akamwambia. "Wewe shika ya zamani, karani asome mpya. Kidole cha fundi kisiguse wino mpaka mmemaliza."

"Hata Donatus, baba?"

"Huyo ndiye umsomee polepole."